Filamu ya Mizimu Inayotisha Kweli: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi na Mwongozaji

Mtu akitoka kwenye filamu ya mizimu na kusema "imenishtua", mwongozaji asichangamke mapema. Kushtua ni kazi nyepesi. Kata picha ghafla, pandisha sauti, umemaliza; hata paka akiangusha sufuria jikoni atakushtua. La kuuliza ni kama mtazamaji huyo, saa nane za usiku, ataweza kwenda chooni bila kuwasha taa. Mshtuko huishia mle mle ukumbini. Hofu humfuata mtu mpaka kitandani, kwa kuwa yeye mwenyewe alishiriki kuijenga.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutengeneza filamu ya aina hiyo, fupi au ndefu, kwa kamera kubwa au ya simu. Msimamo wangu ni mmoja: filamu ya mizimu hutisha pale mtazamaji anapozijua kanuni zake kiasi cha kuigundua hatari mwenyewe, kabla ya mhusika, na bila muziki kumnong'oneza. Karibu kila hatua hapa chini ni njia ya kumpa kazi hiyo.

Hatua ya 1: Mtafute anayeandamwa kabla ya kuutafuta mzimu

Waandishi wengi huanza na sura ya mzimu: nywele, macho, kucha. Iache kwanza. Anza na mtu mwenye jambo ambalo halijaisha: msiba ambao hakuulilia, siri, hatia, ugomvi wa ndugu. Andika sentensi mbili au tatu juu yake kana kwamba filamu haina mzimu kabisa. Kama hazikuvutii wewe uliyeziandika, mzimu hautaziokoa.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Dada na mdogo wake wa kiume wanarudi kwenye nyumba ya mama yao aliyefariki, wafungashe vitu na kuiuza. Dada ndiye aliyemuuguza mama mpaka siku ya mwisho. Mdogo hakuja hata mara moja. Hawajawahi kulizungumza jambo hilo. Filamu imeshapatikana, na bado hakuna kilichogonga ukuta.

Hapo hapo jibu swali ambalo kila mtazamaji ataliuliza kwa sauti: kwa nini wasiondoke? Gari bovu na mvua kubwa vimechoka, viache vipumzike. Jibu lenye nguvu hutoka moyoni mwa mhusika. Katika mfano wetu, mdogo akiondoka atakuwa amemkimbia mama mara ya pili. Dada naye akiondoka atakuwa amekubali kwamba mama, baada ya yote aliyomtendea, hamtaki. Kila mmoja anabaki kwa ukaidi wake, na tunamwelewa.

Hatua ya 2: Uandikie mzimu sheria

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Mzimu unaoweza kufanya lolote, popote, wakati wowote, hautishi kwa muda mrefu, maana mtazamaji hana cha kukisia. Anakaa tu akisubiri apigwe kelele. Filamu ya Kijapani *Ringu* ya mwaka 1998 inaweka sheria yake mapema: ukitazama mkanda fulani wa video, umebakiwa na siku saba. Tangu hapo hata tukio la mtu anayesoma magazeti ya zamani lina taharuki, kwa sababu siku zinahesabika.

Chukua karatasi ujibu maswali manne: mzimu unakuja lini? Unafika wapi? Unataka nini? Nini kinauzuia? Karatasi hiyo ni yako na wenzako wa kazi. Mtazamaji asisomewe, ajifunze kwa macho.

Sheria ya mfano wetu ni hii: kile kilichomo ndani ya nyumba hakiji kwenye chumba chenye watu wawili walio hai. Dalili yake ni mkono wa kitasa cha mlango, ambao hushuka taratibu. Sasa tuifundishe sheria hiyo bila mtu kuitamka.

Mara ya kwanza, dada yuko peke yake chumbani kwa mama akikunja nguo. Kitasa kinashuka, kinasimama. "Ingia," anasema bila kugeuka. Haingii mtu. Mara ya pili, ndugu wote wawili wako sebuleni wanafunga maboksi. Mdogo anatoka kwenda kuchukua mkasi, na mlango mwingine, ule wa nyuma ya dada, kitasa chake kinashuka. Mdogo anarudi, kitasa kinapanda. Dada hakuona. Sisi tumeona. Mara ya tatu, dada ameshaanza kuhisi kitu, na bila kueleza sababu anamwomba mdogo wake akae naye mpaka amalize kazi. Kamera inakitazama kitasa muda mrefu mno, na hakuna kinachotokea. Ukumbi mzima unashusha pumzi. Somo limeingia.

Jioni ya mwisho, mdogo anatoka peke yake kwenda kutupa takataka. Anachelewa kidogo. Anarudi, mkimya kuliko kawaida yake, na kwa mara ya kwanza anamwomba dada yake msamaha. Wanaamua kulala chumba kimoja. Taa inazimwa. Kitasa kinashuka.

Hapo hakuna sura ya kutisha, hakuna damu, hakuna muziki, na sheria haikuvunjwa hata kidogo. Kile kitu hakiji penye wawili walio hai; wamo wawili, nacho kimekuja. Mtazamaji atapiga hesabu hiyo mwenyewe, atakumbuka takataka, na macho yake yatahamia kwenye kitanda cha pili. Huhitaji kumwelekeza.

Onyo moja: ukishaweka sheria, usiigeuze kwa sababu umepata wazo zuri la kumrusha mtu kitini. Watazamaji husamehe vipodozi vibovu na taa mbovu. Mzimu uliozuiwa na mlango dakika ya 30 ukipita ukutani dakika ya 60 bila sababu, umewapoteza.

Hatua ya 3: Mfanye mtazamaji aijue nyumba kwa moyo

Ili mtu atambue kwamba kitu kimehama, lazima awe amekiona mahali pake. Chagua shoti, yaani vipande vya picha visivyokatwa, mbili au tatu utakazozirudia: korido ikitazamwa kutoka jikoni, chumba cha kulala kikitazamwa kutoka miguuni mwa kitanda, ngazi kutoka chini. Weka alama sakafuni pa kusimamisha stendi, andika urefu wa kamera na lenzi, kisha urudi pale pale kila mara. Mara ya kwanza ipige korido mchana, watu wakipita na kucheka. Mara ya pili jioni, ikiwa tupu. Mara ya tatu hutahitaji jambo kubwa, mlango mmoja uliokuwa umefungwa sasa umeachama kidogo.

*Paranormal Activity* ya mwaka 2007 imejengwa juu ya mbinu hii. Oren Peli aliipiga ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa bajeti ndogo sana, na usiku baada ya usiku kamera inakaa kwenye stendi ikitazama kitanda na mlango ulio wazi. Baada ya usiku wa pili au wa tatu mtazamaji anakijua chumba kile kama chake. Mlango ukisogea kidogo tu, anaona kabla hujamwonyesha.

Hatua ya 4: Acha nafasi tupu, na uipe muda

Mweke mhusika upande mmoja wa fremu, upande wa pili uwe na kitu chenye kina: mlango uliofunguka nusu, dirisha, korido inayoishia gizani. Kisha usifanye lolote. Jicho la binadamu haliwezi kuvumilia nafasi hiyo, litaipekua. Ukiijaza kila mara, mtazamaji atakuzoea. Mimi ningeiacha tupu mara nyingi na kuijaza mara chache, na mara mojawapo ya hizo chache ningemweka mtu pale nyuma, nje kidogo ya fokasi, akionekana kwa ukungu, bila muziki na bila mhusika kugeuka. Baadhi ya watazamaji hawatamwona. Wacha wasimwone. Atakayemwona atamshika mwenzake mkono, na hofu inayopitishwa hivyo kutoka kiti hadi kiti ina nguvu kuliko ile uliyompigia ngoma.

Tena usidhani lazima iwe usiku. Katika *The Innocents* ya mwaka 1961, iliyoongozwa na Jack Clayton, mwanamke aliyekufa anaonekana mchana kweupe, amesimama kimya kwenye matete ng'ambo ya ziwa. Yuko mbali, hafanyi kitu, na ndicho kinachotisha: hajifichi.

Muda wa shoti ni muhimu kuliko wanaoanza wanavyodhani. Unapohariri, mkono utakuwasha kukata mara tu jambo linapoeleweka. Ongeza sekunde mbili au tatu. Katika sekunde hizo ndipo mtazamaji anapoanza kujiuliza kwa nini bado anaonyeshwa mahali hapa.

Na ukiweza kufanya muujiza ndani ya shoti moja bila kukata, fanya hivyo. Kuna tukio la jikoni katika *Poltergeist* ya mwaka 1982: mama yuko karibu na meza, kamera inamfuata anapoinama kabatini, inarudi naye, na viti vyote vimepangwa juu ya meza kimoja juu ya kingine. Hakuna kompyuta hapo. Kamera ilipogeuka, wasaidizi waliweka mezani viti vilivyokuwa vimeshapangwa tayari. Kwa kuwa hakuna mkato, akili ya mtazamaji haina pa kusingizia. Hila ya namna hii haigharimu kitu zaidi ya mazoezi na watu wenye miguu myepesi.

Hatua ya 5: Mwanga

Giza totoro halitishi, linachosha. Kwenye skrini ya simu halionekani hata kidogo, linakuwa kioo kinachomrudishia mtazamaji uso wake mwenyewe. Unachotaka ni nusu-giza lenye maumbo: koti lililotundikwa, mgongo wa kiti, ukingo wa mlango. Toa taa ya dari, tumia chanzo kimoja cha pembeni, na uache punje ya mwanga kwenye macho ya mwigizaji, la sivyo uso wake unakufa.

Ukipiga kwa simu, funga mwangaza na fokasi kabla ya kuanza. Usipofunga, kamera itajaribu kulipambanua giza, picha itajaa chengachenga, na mwanga utapandapanda katikati ya shoti. Usiku wa nje upige dakika chache baada ya jua kuzama, mbingu ingali na rangi. Utapata mistari ya miti na mapaa ambayo usiku wa manane hautakupa.

Hatua ya 6: Sauti ndiyo nusu ya mzimu

Jaribu kitu kimoja kabla ya kuendelea: chukua filamu yoyote iliyowahi kukutisha, uitazame ikiwa bubu. Kisha rudia tukio lile lile ukiwa umefumba macho. Mara nyingi ya pili ndiyo itakayokusumbua.

Kuanzia siku ya kwanza ya kupiga picha, rekodi ukimya wa kila chumba kwa sekunde 60, watu wote wakiwa wametulia. Ukimya una sauti yake: friji, upepo, barabara ya mbali. Huo ndio msingi utakaouweka chini ya kila tukio. Faida yake kubwa ni kwamba sasa unaweza kuuondoa. Friji imekuwa ikivuma tangu mwanzo wa filamu na hakuna aliyeisikia. Inyamazishe ghafla sekunde tano kabla ya jambo lako, na ukumbi mzima utakaa wima bila kujua kwa nini.

Kisha uchague sauti moja ya mzimu. Moja. Iwe ya kawaida kabisa, yenye asili ndani ya nyumba ile. Kwa mfano wetu ni chuma cha kitasa kinaposuguana. Irekodi halisi, kwa karibu, na uicheze kwa umbali tofauti: kwanza ghorofani, baadaye ukutani, mwishoni nyuma ya sikio. Mtazamaji ambaye hawezi kueleza kisa cha filamu ataweza kukueleza kwamba kitu kimekaribia.

Muziki uutumie kwa ubahili, na kamwe usiutangulize. Vinanda vikianza kutetemeka kabla mlango haujafunguka, umeshamwambia mtu ajiandae, naye atajiandaa, ataziba masikio, atacheka. Wapo wanaopenda mngurumo mzito wa chini unaotetemesha kifua. Ni mzuri kwenye ukumbi, lakini sikio la binadamu huanza kusikia karibu na hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde), na spika ndogo za simu haziwezi kabisa kutoa sauti nzito namna hiyo. Kama hofu yako yote umeiweka kule chini, anayetazama kwa simu hatasikia chochote. Sikiliza mchanganyiko wako wa sauti kwenye vipokea sauti, kwenye televisheni na kwenye simu kabla ya kuridhika.

Hatua ya 7: Mshtuko uwe na kazi

Sisemi usishtue. Mshtuko mzuri hufungua mlango wa hofu inayofuata. Mfano wa kale na bado bora uko katika *Cat People* ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur. Mwanamke anatembea peke yake usiku, viatu vyake vinalia, na viatu vya anayemfuata vinalia nyuma yake. Kisha vya nyuma vinanyamaza. Anaongeza mwendo, anageuka, hakuna mtu. Tunasubiri ngurumo ya mnyama, maana filamu ni ya mwanamke anayeogopa kugeuka chui, na basi linaingia kwenye fremu likipiga breki kwa mfyonzo mkali unaofanana na ngurumo hiyo hiyo. Basi halikumdhuru mtu. Lakini tukio lilianza kutisha tangu nyayo zile ziliponyamaza, na basi lilikuja kuikata taharuki iliyokwisha kujengwa.

Linganisha na filamu ambazo rafiki anamgusa mhusika begani na tarumbeta ishirini zinalia. Mara ya tatu hadhira imeshajua, na mzimu halisi ukija unapokelewa kwa miayo.

Hatua ya 8: Je, uonekane?

*The Haunting* ya Robert Wise, mwaka 1963, haionyeshi mzimu hata mara moja. Kuna mlango unaobonyea kuelekea ndani kana kwamba unapumua, kuna vishindo ukutani, na nyuso za wanaosikiliza. Inatosha. Tourneur yule yule, mwaka 1957, alitengeneza *Night of the Demon*, na pepo wake anaonekana wazi mwanzoni kabisa. Mpaka leo wapenzi wa sinema wanabishana kama pepo yule alipaswa kuondolewa. Mimi niko upande wa wanaosema alipaswa. Mtu akishaliona jitu, anaanza kukagua mshono wa vazi.

Hata hivyo, kuficha mpaka mwisho kunaweza pia kuwa woga wa mwongozaji. Ukiamua kuonyesha, shughulikia mwendo kabla ya sura. Mzimu wa *Ringu* unatembea kwa namna ambayo mwili wako unaikataa kabla akili haijaelewa. Siri yake ni nyepesi: mwigizaji alitembea kinyumenyume, kisha picha ikachezwa kuanzia mwisho. Uso wenyewe umefunikwa na nywele karibu muda wote. Kwa hiyo mwendo kwanza, umbo baadaye, uso mwisho, tena kwa muda mfupi.

Hatua ya 9: Waigizaji

Waambie wasiigize hofu mapema. Binadamu akisikia kitu usiku kwanza hutafuta maelezo: upepo, panya, mdogo wangu. Ngazi hiyo ya kukanusha, kukereka, kutilia shaka, na hatimaye kuamini, ndiyo safari ya uigizaji wote. Mayowe yawekwe akiba. Ikiwezekana, mpe mwili wa mwigizaji kitu halisi cha kuitikia. Chumba cha msichana aliyepagawa katika *The Exorcist* ya mwaka 1973 kilipoozwa kwa mashine mpaka pumzi za waigizaji zikaonekana kama mvuke. Baridi ile haikuigizwa. Wewe huna mashine hizo, lakini unaweza kumficha mwigizaji ni lini hasa kitasa kitashuka.

Hatua ya 10: Hariri, kisha watazame watazamaji

Punguza maelezo. Tukio ambalo mzee au mtaalamu anakuja kueleza historia yote ya mzimu kwa dakika nne karibu kila mara linaweza kukatwa likabaki sentensi mbili. Acha swali moja bila jibu, lakini uhakikishe wewe unalijua jibu lake. Shimo lililoachwa kwa makusudi na shimo la uvivu hutofautishwa upesi sana.

Ukipata nakala ya kwanza, ionyeshe kwa watu ambao hawakuhusika, wachache tu, kabla hujaweka muziki wowote. Wewe kaa pembeni ya skrini ukiwa umewageukia wao. Andika dakika waliyoshika simu, dakika waliyocheka pasipotakiwa, dakika waliyoacha kutafuna. Baadaye usiwaulize kama waliogopa, watakujibu kwa adabu. Waulize sheria ya mzimu ni ipi. Wakikueleza sawasawa, endelea na muziki. Wakibabaika, rudi kwenye tukio la kitasa la mara ya pili uongeze sekunde, maana hapo ndipo somo lilipotea.